Kutoka Ubao wa Duksi hadi Kishikwambi

Kifaa changu cha kwanza cha kusomea kilikuwa cha mti. Pale duksi, chuo chetu cha Kurani mjini Garissa, mwalimu alituandikia aya kwenye ubao kwa wino wa mkaa. Ukishahifadhi, unauosha, unaandikiwa nyingine.

Shule ya msingi, miaka ya 1980, nikakuta redio. Vipindi vilitoka Nairobi, mwalimu akavifuata kwa kijitabu chake, nasi tumejazana kuizunguka meza. Betri zikichoka ziliwekwa juani, zikarudishwa, sauti ikapata uhai kidogo. Mtangazaji akisema turudie, tulirudia kwa kelele hadi tukamfunika. Kiingereza changu cha kwanza kilitoka kwenye kisanduku kile.

Nikawa mwalimu. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuleta vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza. Masomo yalikuwa yamewekwa ndani tayari, hivyo hatukuhitaji mtandao. Kwetu vilifungiwa kabatini, na madirisha ya chumba yakatiwa vyuma. Ufunguo alikaa nao mwalimu mkuu. Akisafiri, teknolojia nayo imesafiri.

Kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2013 Wakfu wa Vodafone na UNHCR walianzisha mpango wa kuipa shule chumba kimoja chenye intaneti, vishikwambi, projekta na umeme wa jua, na walimu wafunzwe kuvitumia. Nilikwenda kutazama. Mwalimu, mkimbizi mwenyewe, alikuwa akifundisha mzunguko wa damu. Moyo ulipiga ukutani, akausimamisha, akauliza damu hii inatoka wapi, akamngoja binti wa nyuma ajibu, ndipo akauachia upige tena. Vifaa havikuwatosha watoto, lakini somo lilikuwa na mwenyewe.

Kisha ukaja mwaka 2020. Januari walimu watatu waliuawa na wapiganaji wa Al-Shabaab huko Kamuthe, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka kaunti yetu. Machi shule za nchi nzima zikafungwa kwa ajili ya korona. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ikarusha masomo redioni na runingani, na mimi nikaisikia tena sauti ya utotoni mwangu, ila safari hii hapakuwa na mwalimu kando ya meza.

Mwenzangu wa Hisabati, mtu wa Kitui, alikuwa miongoni mwa waliohamishwa. Hakuwaacha watoto wake wa darasa la nane. Jioni alipiga picha hesabu alizofanya kwa mkono, akaeleza kwa sauti, akatuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Waliokuwa malishoni, ambako mtandao haufiki, walipata masomo ya wiki nzima kwa mkupuo baba alipokuja na simu yake soko la mifugo. Maswali nayo yalingoja soko lijalo. Mtoto aliyekwama kwenye sehemu Jumatatu alibaki amekwama hapo.

Vifaa navyo vinahitaji umeme na mtandao. Desemba 2019 Garissa kulifunguliwa kituo cha umeme wa jua cha zaidi ya megawati 50. Umeme ule huingia gridi ya taifa; shule iliyo mbali na gridi ingali inategemea paneli yake ya juu ya bati. Na minara ya simu imelipuliwa na Al-Shabaab mara kadhaa.

Anayetaka kutuletea vifaa, karibu. Ila namwomba aanze na vijana wa huku waliosomea ualimu na sasa wamekaa nyumbani: waajiriwe, wafunzwe kuvitumia, na ufunguo wa kabati wakabidhiwe wao.