Kakamega: Habari za Mbali Zinapopiga Hodi



Kila tuteremkapo Mombasa kwa likizo, jamaa zetu hutuuliza swali moja: "Huko bara mwaishije?" Huuliza kwa huruma, kama mtu aulizaye hali ya mgonjwa. Nasi hujibu kwa ufupi kwamba, alhamdulillahi, twaishi vyema. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Leo tumeona tuwaandikie ndugu zetu jibu refu kidogo, kwa sababu mwaka huu umetufunza jambo kuhusu mji huu na kuhusu sisi wenyewe.

Kakamega iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, na kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asiyepazoea hudhani kuwa bara ni ukame na vumbi. Hapa mambo ni kinyume. Siku nyingi asubuhi huwa na jua safi, kisha ikaribiapo alasiri mawingu hukusanyika, radi hunguruma, na mvua huteremka kwa kishindo. Anayeanika buibui hujifunza upesi kulianua kabla ya adhuhuri kupita. Mashariki ya mji upo msitu ambao wataalamu husema ni mabaki ya msitu mkubwa uliowahi kuenea kutoka Kongo. Humo wamo mbega na zaidi ya aina 300 za ndege, na kuna miti ambayo watu wetu wa pwani hawana jina lake.

Jikoni kwetu pwani na bara hukutana. Nazi hatuzipati kila siku, kwa hivyo ziletwapo na basi kutoka Mombasa hukunwa kwa heshima. Sokoni tumejifunza kununua mrenda, saga na kunde, na watoto wetu siku hizi hula ugali kwa mrenda kwa furaha kuliko wali wa nazi. Majirani wetu, walio wengi Wakristo, husalimia kwa neno "Mulembe", maana yake amani. Tuliposikia maana hiyo mara ya kwanza tuliona kwamba salamu yetu na yao ni ndugu. Wakitualika kula kuku, ambaye kwa Waluhya ndiye heshima ya mgeni, humwita kijana wetu amchinje kwa mikono yake ili tule bila wasiwasi. Hakuna aliyewaamuru kufanya hivyo. Ni adabu waliyoirithi kutoka kwa wazee wao.

Nayo adabu hiyo ina historia. Si mbali kutoka mjini, katika kaunti hii hii, upo mji wa Mumias, uliokuwa makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka pwani ilifika huko katika karne ya kumi na tisa, na mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipita hapo akielekea Ziwa Nyanza. Kwa njia hiyo Uislamu ulipata mizizi kwa Wawanga, na hadi leo Mumias ina misikiti, madrasa na familia ambazo Uislamu wao ni wa vizazi kadhaa. Sisi tuliodhani kwamba tumekuja kuwa Waislamu wa kwanza katika mtaa wetu, tulikuta kina nyanya wa Kiwanga wenye tasbihi mkononi wakitukaribisha.

Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Misafara ile haikufuata pembe za ndovu peke yake. Ilichukua na watu. Jambo hilo wazee wa huku hawalitaji mbele ya mgeni, ila wanalijua. Tulilikumbuka baadaye, kwa sababu tutakayoieleza.

Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana hapa Kakamega. Wakati ule uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na walowezi waliofilisika walimiminika na sururu zao. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili wachimbaji waweze kupewa mashamba ya wenyeji. Mtaa wa Rosterman, ulio kando ya mji, ulipata jina lake kutokana na mgodi wa enzi hizo. Basi habari za dunia kuja kubisha hodi Kakamega si jambo jipya. Mama mwenye shamba la mtama hakuwahi kusikia jina la soko la fedha la New York, lakini lilipotikisika soko lile, shamba lake lilichimbwa.

Sisi wenyewe tulilielewa jambo hilo mwaka 2022. Vita vya Urusi na Ukraine vilianza mwezi wa Februari, majira ambayo wakulima wa huku huandaa mashamba ya mahindi. Kwetu vita vilikuwa picha za televisheni baada ya Magharibi. Kwa jirani yetu, mjane mwenye shamba dogo na watoto wanne, vilikuwa bei ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 ulipanda hadi zaidi ya shilingi 6,000. Serikali ilipouteremsha hadi 3,500, ilikuwa Septemba, na mahindi ya msimu mkubwa yalikuwa yamekwisha kukomaa kwa namna yalivyoweza. Mwaka ule alipanda nusu ya shamba. Iliyobaki aliiacha ikaota nyasi, na ada ya shule ya binti yake mkubwa ikakosekana.

Binti huyo alikaa nyumbani muda mrefu, akiuza mboga na kufua nguo za watu. Kisha siku moja mama yake alikuja kwetu, akaketi, akanywa chai hadi ikaisha, ndipo akasema: "Mama, kuna mtu anataka kumpeleka mtoto wangu Qatar kufanya kazi ya nyumba. Nyinyi ni Waislamu, mnawajua hao watu. Niambieni, nimwache aende?"

Ndugu zetu, swali lile lilitutia uzito. Neno la kwanza lililotujia ulimini lilikuwa la kujitetea. Tulitaka kusema kwamba Waislamu hawadhulumu, kwamba dini yetu imeamrisha mfanyakazi alipwe ujira wake bila kucheleweshwa. Maneno hayo ni kweli kuhusu dini. Lakini yeye hakutuuliza kuhusu dini. Alituuliza kuhusu mtoto wake. Nasi tulikuwa tumesikia, kama mlivyosikia nyinyi, habari za wasichana wa Kenya waliokwenda Ghuba wakanyang'anywa pasipoti, wakakosa mishahara, na wengine wakarudi ndani ya sanduku. Tulisikia pia za waliorudi wakajenga nyumba na kusomesha wadogo zao. Kuficha nusu moja ya habari ili kulinda jina letu ingekuwa khiyana kwa jirani. Na hapo ndipo tulipoikumbuka ile misafara. Watu wa pwani walikwisha kupita nchi hii wakiwaahidi watu mema. Haikutupasa kuwa wa pili.

Basi tulimweleza yote mawili. Tulimwambia kwamba Qatar imeweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi tangu Machi 2021, na kwamba kima hicho kinawahusu wafanyakazi wa nyumbani pia, ila sheria na utekelezaji wake ni vitu viwili. Tulimwambia asikubali wakala asiyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Binti ausome mkataba wote kabla ya kutia sahihi. Nakala ya mkataba na ya pasipoti zibaki nyumbani. Na nambari ya ubalozi wa Kenya mjini Doha aihifadhi kichwani, si katika simu peke yake, kwani simu huweza kuchukuliwa. Kisha tukamwambia kwamba uamuzi ni wake na wa binti. Wakala wa kwanza, alipotakiwa kuonyesha usajili wake, hakurudi tena. Binti alisafiri baadaye kupitia kwa mwengine aliyekuwa na karatasi zake zote.

Sasa tuje kwenye usiku wa Jumatatu, tarehe 23 Juni 2025. Zilikuwa zimebaki siku chache mwezi wa Mfunguo Tatu umalizike. Mvua ilikuwa imenyesha na umeme ulikuwa umekatika, tukawa tunasoma habari katika simu kwa mwanga wa taa ya betri. Yapata saa moja na nusu, Iran ilirusha makombora kuelekea kambi ya jeshi la Marekani ya Al Udeid, nchini Qatar. Anga ya Qatar ilikuwa imefungwa. Saa zetu na za Doha ni sawa. Hakuna tofauti hata ya dakika moja. Tulipokuwa tukitazama picha za cheche angani, tulijua kwamba huko nako ni baada ya Magharibi, na kwamba binti wa jirani yetu huenda yuko jikoni akiosha vyombo.

Mlango ulibishwa kabla hatujamaliza kusoma. Alikuwa mama yake, kanga imelowa, miguu ina matope, simu mkononi. Alikuwa amesikia redioni neno "Qatar" na neno "makombora", basi. Simu yake haikuwa na bando. Tulimpigia binti kwa simu yetu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya saba. Haikupokewa.

Wakati wa Isha ulifika. Tulimwomba radhi tukatandika mikeka, tukaswali naye ameketi kwenye kiti nyuma yetu. Tulipotoa salamu tulimkuta ameshuka chini, ameketi pembeni mwa mkeka, akiomba kwa Kiluhya chake, sauti ya chini. Hakuna aliyesema neno. Watoto walimletea chai.

Ilikaribia saa nne ndipo ujumbe wa sauti ulipoingia. Binti alisema walisikia vishindo, dirisha likatikisika, na mama mwenye nyumba akawakusanya wote, watoto wake na wafanyakazi, katika chumba kimoja cha ndani, akakaa nao akiwasomea Qur'ani hadi pakatulia. Simu ilikuwa imebaki jikoni. Mama yake alitutaka tuurudie ujumbe ule mara tatu. Mara ya tatu alicheka, kisha akalia. Asubuhi tulisoma kwamba makombora mengi yalizuiwa angani na kwamba hakuna aliyeripotiwa kufa.

Hatuusimulii mkasa huu ili tuseme kwamba mambo yote ya Ghuba ni mema. Kuna nyumba ambazo usiku ule hakuna aliyemkumbuka mfanyakazi. Twausimulia kwa sababu umebadilisha namna tunavyosikiliza habari. Tangu Oktoba 2023 tumekuwa tukitazama Gaza, tukilia na kuomba, na mara nyingi tukizima televisheni kwa kuwa moyo umechoka. Jirani yetu, asiye wa dini yetu, ndiye aliyekuwa akituuliza kila wiki, "Wale watoto wa Gaza wanaendeleaje?" Tulidhani anauliza kwa adabu. Usiku ule tulifahamu kwamba yeye husikiliza habari kama mama: kila jina la mji kwake ni nyumba yenye mtoto ndani.

Siku hizi, kila Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya mapumziko ya binti, mama yake huja kwetu baada ya mvua kukatika na kuketi barazani kwenye mtandao wa nyumba yetu. Huongea na mwanawe kwa saa nzima, mara Kiluhya, mara Kiswahili. Juzi binti alisema amejifunza kupika machbous, wali wa nyama wa Waqatari, na akauliza kama sisi watu wa pwani tunaujua. Tulimjibu kwamba wetu waitwa pilau, na kwamba akija likizo tutashindana. Mama yake akadakia kwamba mshindi ni ugali kwa kuku, na kwamba kijana wetu ajiandae kuchinja.

Kwa hivyo, jamaa zetu, mkituuliza tena huko bara twaishije, jibu letu ndilo hilo. Twaishi na majirani. Na ikiwa mtaani kwenu yuko mama aliye na binti ng'ambo, msingoje habari mbaya ili mwende kumjulia hali.

Wabillahi tawfiq.