Julai ile Barmbek

Mwigizaji Inge Meysel alifariki tarehe 10 Julai 2004, nyumbani kwake Bullenhausen, kando ya mto Elbe, akiwa na miaka 94. Mimi nilikuwa mpangaji Hamburg, mtaa wa Barmbek wenye majengo ya matofali mekundu, na juma lile mama mwenye nyumba wangu karibu hakuzima televisheni. Michezo yake ilikuwa ikirudiwa. Humo nilimfahamu Käthe Scholz, aliyemwigiza katika "Die Unverbesserlichen", mama wa Kiberlini mwenye ulimi mkali na huruma nyingi. Kati ya 1965 na 1971 mchezo huo ulikuja mara moja tu kwa mwaka, karibu na Siku ya Mama, na nyumba nzima ilikuwa ikikusanyika sebuleni kuungoja.

Wajerumani walimpa jina la Mama wa Taifa, naye hakuacha mtoto hata mmoja wa kumzaa.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenieleza yaliyotangulia. Inge alizaliwa Rixdorf, Berlin, 1910, akapanda jukwaani Zwickau akiwa na miaka 20. Wanazi walipotwaa madaraka 1933 alifungiwa kuigiza kwa kuwa baba yake alikuwa Myahudi. Miaka 12 ikapita hivyo, ile miaka ambayo mwigizaji hujijengea jina. Vita vilipokwisha 1945 akaanza upya hapa Hamburg, katika ukumbi wa Thalia, na sifa kubwa zikamfikia akiwa na umri wa kama miaka 50. Watu wazima wa sebule zile wengi wao walikuwa wamepita katika enzi ya Wanazi wakiwa kimya. Aliingia majumbani mwao akawakaripia na kuwabembeleza, nao wakampenda. Hadi leo naustaajabia moyo wa yule mwanamke.

Wala hakuwa mpole kama watazamaji walivyodhani. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa wanawake walioungana na mtetezi wa haki za wanawake Alice Schwarzer kulishtaki jarida la Stern kwa picha za kuwadhalilisha wanawake. Mwaka 1981 serikali ikataka kumtunuku nishani, akaikataa: kuishi kwa uadilifu, alisema, si jambo la kupewa nishani.

Kisa hicho mama mwenye nyumba alikipenda kuliko michezo yote. Alinisimulia tukiwa ndani ya basi linalopita katikati ya makaburi ya Ohlsdorf, tukienda kwenye kaburi ambamo Inge alizikwa na mumewe, John Olden, na alisimulia kwa sauti iliyomfikia hadi dereva.