Mwazindika Juu ya Wundanyi

Treni ya Madaraka ilinishusha Voi saa nne, jua kali. Mimi mtu wa Likoni, na Taita yote niliidhania kuwa ni nyika ileile ya Tsavo, udongo mwekundu na ndovu waliojipaka rangi yake. Matatu ikapita Mwatate na mashamba ya mkonge, kisha ikaanza kupanda. Kona juu ya kona, masikio yakaziba. Tulipofika Wundanyi nilikuwa naomba sweta.

Mwenyeji wangu alinipeleka harusini, mlimani zaidi. Ngoma niliisikia kabla ya kuiona. Kwetu ngoma ya sengenya ina chapuo, kigoma chenye sauti nyembamba inayotekenya mabega. Hii ilitokea chini, kama lori la mchanga linalopita nyuma ya ukuta.

Ni mwazindika, ngoma ya Wataita. Ngozi zilikuwa zinaoteshwa moto. Mzee alizigonga kwa kidole, akatikisa kichwa, akazirudisha. Haraka hana. Kisha wapigaji wakasimama, kila mmoja amebana ngoma ndefu mapajani, mikono mitupu.

Nimewahi kutazama kwenye simu Wajapani wa Kodo, kikundi kilichoanza 1981 kisiwani Sado: mtu mmoja mbele ya ngoma inayomzidi kimo, fimbo nene mikononi, amewapa watu mgongo. Zile nguvu zilinitisha. Ila pale ukumbi mzima humtazama yeye. Hapa wapigaji ndio waliokuwa wakitazama. Macho yao hayakubanduka miguuni mwa mama mmoja aliyejifunga kibwebwe. Akikanyaga wanajaza, akisita wanapunguza, wanamvuta tena.

"Zamani haikuwa ya pilau hii," mwenyeji wangu akaninong'oneza. Ilikuwa tiba ya wenye pepo. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyekaa na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1957 habari za saka, hali iliyowashika zaidi wanawake walioolewa hadi wakatetemeka mwili mzima, nao wakachezewa ngoma. Ndipo nikaelewa macho yale. Anayetibu hawezi kumpa mgonjwa mgongo.

Siku hizi, naambiwa, mwanasiasa akija hupigiwa dakika chache, kisha kipaza sauti kinawakata wapigaji. Hasara tupu, maana mimi mwenyewe nilichelewa kushikwa na ngoma ile.

Mama yule akanifuata. "Wewe Mpwani, mbona mabega yamelala?" Nikaingia. Miguu yangu imezoea chakacha, inataka kwenda kando. Wenzangu wanakanyaga ardhi kwa nguvu. Watoto walinicheka waziwazi, na hakuna aliyeniachia nitoke mpaka chakula, kimanga, kilipoletwa.