Siku tisini za wazungu wa Chiang Mai

Leo sitaandika kuhusu Linux wala simu mpya. Kuna programu ndani ya hadithi hii, lakini ni ndogo mno, na nitazungumza zaidi kuhusu watu walioitumia.

Nilifanya kazi Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, kuanzia mwishoni mwa 2018 hadi mwanzoni mwa 2020. Kampuni ya mifumo ya hoteli ilinipa mkataba. Kila nikilitaja jambo hili hapa Nairobi naulizwa swali moja: wale wazungu wanaohamia kule, wanaishi vipi? Watu wamesikia habari za Pattaya na fukwe za Phuket, wakadhani maisha yote ni baa na bahari.

Chiang Mai haina bahari. Ina milima, mahekalu, wanafunzi wengi, na wazungu wa aina mbili. Kuna vijana wenye kompyuta za mapajani wanaofanyia kazi mikahawani karibu na barabara ya Nimmanhaemin. Hao ni kama mimi na wewe, wanalalamika kuhusu kasi ya intaneti na baada ya miezi mitatu wamehamia Bali. Halafu kuna wazee. Hawa hawaendi popote, na ndio niliowafahamu.

Walikutana kila Jumapili asubuhi kwenye mkahawa uliokuwa chini ya nyumba niliyopanga: Waingereza, Waaustralia, Wamarekani wawili, na Mholanzi mmoja asiyeongea kabla ya kumaliza kahawa. Mada zilikuwa zilezile kila wiki. Moshi, kwanza. Kuanzia Februari hadi Aprili mashamba na misitu ya kaskazini huchomwa, na Machi 2019 mji huo ulitajwa siku kadhaa kuwa na hewa chafu kuliko miji mikubwa yote iliyokuwa ikipimwa duniani. Pili, pikipiki zinazopita njia ya waendao kwa miguu. Tatu, bei mbili. Mbuga ya Khao Yai ilimtoza mgeni baht 400 na mwenyeji baht 40, na hilo liliwachoma roho kweli. Nilipowaambia kwamba kwetu Kenya mwananchi analipa shilingi langoni mwa mbuga na mgeni analipa dola, walinitazama kama niliyekiri wizi.

Thailand mzungu anaitwa farang. Neno hilo limetoka mbali: ni lile jina la Wafranki, kupitia Waarabu na Waajemi, na jina hilohilo ndilo lililotupa sisi neno Ufaransa. Kwa Kithai farang pia ni pera, lile tunda. Mimi sikuitwa farang, bila shaka. Nilikuwa mtu wa Afrika, basi, na kwa wengi nilikuwa wa kwanza kuongea naye ana kwa ana. Lakini mezani pale Jumapili nilikuwa na cheo nisichokitarajia. Nilikuwa mtaalamu wa viza.

Fikiria kidogo. Mwenye pasipoti ya Kenya amezoea tangu ujana kupeleka taarifa za benki za miezi sita, barua ya mwajiri, na picha yenye ukubwa kamili. Hata nilipotua Suvarnabhumi, kabla ya kufika dirisha la uhamiaji nilipitia dawati la afya kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hayo kwangu ni kama mvua. Wale wazee walikuwa wamezeeka na pasipoti zinazofungua milango bila kugongwa, na sasa, wakiwa na miaka sabini na kitu, walikuwa wanajifunza kupanga foleni. Mmoja aliniuliza kwa dhati kama ni kawaida ofisa kukurudisha nyumbani kwa sababu ya nakala ya ukurasa mmoja. Nilimwambia, mzee wangu, karibu.

Sheria zenyewe ziko hivi. Mgeni mwenye umri wa miaka 50 au zaidi anaweza kuongezewa mwaka mmoja kama mstaafu, kwa ada ya baht 1,900. Mwaka mmoja tu, halafu anaomba upya, hata kama amekaa miaka ishirini. Akitoka nchini bila kibali cha kurudi, ule mwaka unafutika. Na kila siku 90 lazima ataarifu uhamiaji anakoishi. Anaweza kufika ofisini kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku 7 baadaye, akichelewa zaidi analipa faini ya baht 2,000. Zaidi ya hayo mwenye nyumba anatakiwa kuripoti mgeni wake ndani ya saa 24. Hiyo ya mwisho imo katika sheria ya 1979, lakini 2019 ndipo ilipokaziwa kamba, na mzee aliyelala usiku mbili kwa rafiki mkoa mwingine alirudi kwake akiwa na wasiwasi wa kuripotiwa upya.

Mholanzi alisahau tarehe yake mara mbili. Ndipo nikaandika ile programu. Ni PHP na jedwali moja la MySQL: unaingiza tarehe ya kuingia au ya ripoti ya mwisho, inakupa siku ya kwanza na ya mwisho ya kwenda, na kila usiku seva inaangalia nani amekaribia na kumtumia barua pepe. Jioni mbili ikawa tayari. Kilichonichelewesha ni miaka. Thailand inahesabu miaka ya Kibudha, 543 mbele ya yetu, kwa hiyo 2019 ilikuwa 2562, na wazee wengine walinakili tarehe kutoka mihuri ya benki bila kubadilisha. Programu ikamwambia Mwaustralia mmoja ana siku laki moja na tisini na nane elfu za kupumzika. Kazini kwetu shida hiyo tuliijua, maana Java ukiiambia uko Thailand inakupa kalenda ya Kibudha yenyewe bila kuuliza, na tuliwahi kupokea wageni wa hoteli wa karne ya ishirini na sita.

Basi wakaizoea, wakaanza kuomba nyongeza. Safu ya kibali cha kurudi. Safu ya mwisho wa bima. Halafu safu ya pesa, na hapo mambo yakawa mazito.

Mstaafu anatakiwa kuwa na baht 800,000 benki, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au mchanganyiko: kipato cha mwaka ukijumlisha na akiba vifike 800,000. Kwa miaka mingi kipato kilithibitishwa kwa barua ya ubalozi. Kwa Wamarekani ilikuwa kiapo tu, unaandika mwenyewe na kuapa. Tangu Januari 2019 balozi za Uingereza, Marekani na Australia ziliacha kutoa barua hizo. Sasa ulitakiwa kuonyesha benki yako ya Thailand imepokea pesa kutoka nje mwezi baada ya mwezi. Mwaka huohuo masharti ya akiba yakabadilika pia: zile 800,000 zikae miezi miwili kabla ya kuomba na mitatu baadaye, na mwaka mzima zisishuke chini ya 400,000. Yaani nusu ya akiba yako unaitazama tu, hata ukiwa kitandani hospitalini.

Kulikuwa na Mwingereza wa miaka 79, zamani fundi wa mabasi. Alihamia 2006, pauni moja ikiwa baht 70 hivi. Pensheni zake mbili zilifika kama pauni 1,000 kwa mwezi, ambazo zilikuwa baht 70,000. Mtu mkubwa kabisa. Lakini serikali ya Uingereza haiongezi pensheni ya mtu aliyehamia Thailand (hata Kenya ni hivyohivyo, waulizeni wazee wa Nanyuki). Pensheni ya msingi ya serikali ilikuwa pauni 84.25 kwa wiki alipoondoka, na 2019 bado alikuwa anapokea 84.25, wakati kaka yake aliyebaki kwao alikuwa anapata 129.20. Na pauni nayo ikateremka. Mwaka 2018 ilikuwa baht 42 hivi, katikati ya 2019 ikawa 38.

Nilikaa naye na kikokotoo. 2018: 42,000 mara 12 ni 504,000, jumlisha akiba yake ya 300,000, inakuwa 804,000. Alipita kwa baht elfu nne. 2019: 456,000 na 300,000 ni 756,000. Hakutosha. Na hata angetosha, hakuwa na ushahidi, kwa sababu pensheni zake zilibaki Uingereza na yeye alitoa pesa kwa kadi kwenye mashine za mitaani, akilipa baht 220 kila mara kwa mazoea tu. Benki ya Thailand haikuwa na rekodi ya hata mwezi mmoja.

Hakupiga kelele kama wenzake. Aliuliza tu kama kuna kosa katika hesabu. Kule Uingereza hakuwa na nyumba tena. Hapa alikuwa na nyumba kijijini, nje kidogo ya mji, ila si yake: mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi Thailand, fleti tu, na hata kwenye jengo la fleti wageni hawawezi kupita asilimia 49 ya eneo. Nyumba ilikuwa ya mama mmoja aliyeishi naye tangu 2008. Walifunga ndoa ya kijijini, watawa wakaomba dua, wazee wakawafunga nyuzi nyeupe mikononi, watu wakala. Lakini hawakwenda amphoe, ofisi ya wilaya, kuiandikisha. Yeye alikuwa ametoka kwenye talaka mbaya, na mama alikuwa na mtoto mkubwa asiyetaka maswali kuhusu shamba. Kwa hiyo mbele ya serikali walikuwa watu wawili wenye anwani moja.

Kwenye jedwali nilikuwa na safu ya aina ya kibali: mstaafu, kazi, mwenzi wa Mthai. Akaniuliza, hiyo ukiibadilisha inakuwaje? Nikaibadilisha. Mwenzi wa Mthai anatakiwa kuwa na 400,000 benki, miezi miwili kabla. Ile nambari nyekundu ikashuka kutoka laki tano hadi laki moja.

Akanyamaza sana. Kisha akasema atamuuliza, kama kwamba ni jambo la kumuuliza mtu uliyeishi naye miaka kumi na moja.

Mama alikubali kwa sharti moja, nalo alilileta mwenyewe mkahawani akimtumia mpwa wake kama mkalimani. Alitaka nimwonyeshe kwenye kompyuta kwamba shamba halitaguswa. Nilimweleza kwamba mimi ni mtu wa kompyuta, aende kwa wakili, na kwamba kompyuta haijui lolote kuhusu shamba. Alienda kwa wakili. Wiki iliyofuata pikapu ya mzee iliuzwa, na akiba ikafika baht 411,000. Alisafiri Bangkok kuchukua tamko la ubalozi kwamba yuko huru kuoa, likatafsiriwa, likapigwa muhuri wizara ya mambo ya nje, na siku ya Jumanne wakaandikishwa amphoe katika dakika chache. Nilikuwa kazini. Waliniletea khao soi kwenye mkebe.

Kuna kitu kingine nilichokiona kwenye ofisi ya uhamiaji, ile iliyo karibu na uwanja wa ndege, nilipokwenda kwa ripoti zangu mwenyewe. Siku nyingine wakala aliingia na rundo la pasipoti za vibarua kutoka Myanmar, wengi Washan, ambao Wathai wanawaita Tai Yai. Ndio wanaojenga zile fleti za asilimia 49. Nao wanaripoti kila siku 90, sheria ni ileile. Lakini mezani kwetu Jumapili sikumsikia mtu akiwahesabu kuwa wageni wenzake. Kiingereza kina neno moja la mzungu aliyehamia nchi ya watu na neno lingine la kibarua aliyehamia nchi hiyohiyo. Kiswahili kinatuita sote wageni. Niliwahi kuwaambia hivyo, na Mmarekani mmoja akasema ni suala la nani analeta pesa. Mholanzi, baada ya kumaliza kahawa, akamuuliza yeye ameleta ngapi mwaka huu ambazo hazimo kwenye ile akaunti iliyofungwa. Tulicheka, na yeye pia.

Mkataba wangu uliisha Machi 2020, nikarudi nyumbani na mojawapo ya ndege za mwisho. Tangu hapo sheria zimeongezeka. Tangu Januari 2024 mgeni anayekaa Thailand siku 180 au zaidi kwa mwaka anaweza kutozwa kodi kwa kipato cha nje anachokiingiza nchini, na Julai 2024 ikaja viza mpya ya miaka mitano kwa wale vijana wa kompyuta, ambao wanatakiwa kuonyesha baht 500,000. Nimelazimika kuongeza safu ya siku 180, na hiyo ilihitaji jedwali la pili, kwa sababu siku 90 zinaanza upya ukitoka nchini na siku 180 haziondoki.

Programu bado inakaa kwenye seva yangu hapa Nairobi. Ina watumiaji tisa, walikuwa kumi na wanne. Msimbo ni mbovu lakini unasomeka, na anayeutaka aniandikie nitamtumia. Wiki ijayo narudi kwenye mada ya herufi za Kithai na kwa nini kuvunja mstari bila nafasi kati ya maneno kunahitaji kamusi nzima.