Safari ya Kutazama Ziwa

Wenzangu wengi wamepata kueleza safari zao katika kurasa hizi, na karibu zote zilikuwa za furaha. Yangu haikuwa ya furaha. Hata hivyo nadhani inastahili kuandikwa, kwani wako wanafunzi wengi hapa Bujumbura ambao kila jioni hutazama meli bandarini na kutamani kama nilivyotamani mimi.

Nalikuwa nimesoma habari za meli kubwa za watalii zipitazo baharini na kutia nanga Mombasa na Unguja. Wasafiri wake hawaendi kununua wala kuuza. Hupanda ili wastarehe tu, wakila, wakilala na kutazama maji. Nikajiuliza: je, sisi hatuna maji? Tanganyika ina urefu upatao kilometa 670, na kina chake chafika mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal peke yake, huko Urusi, lililo na kina kuipita. Basi nikaweka akiba mwaka mzima, fedha nilizopata kwa kuwafundisha watoto hesabu mtaani kwetu Buyenzi. Tena nikaazimia kwenda peke yangu. Mtu alalaye bwenini pamoja na wenzake arobaini atanielewa.

Mwisho wa mwezi wa Agosti nikapata nafasi katika meli moja ya mizigo iendayo Kigoma. Tuliambiwa itang'oa nanga saa mbili asubuhi. Iling'oa saa tatu usiku. Hivyo mwambao wa nchi yetu, Mugere, Rumonge na Nyanza-Lac, ambao ndio hasa niliotaka kuuona, ulipita gizani. Kulipokucha sikuiona hata milima ya Kongo, maana wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa nyika zichomwazo huifunika. Kisha upepo wa kusi ukavuma. Meli ilikuwa tupu, ikienda kufuata shehena ya saruji, na chombo kitupu huyumba sana. Nilitapika mpaka nikabaki mtupu kama meli yenyewe.

Hayo yote ningaliyavumilia. Lililonisumbua ni jingine. Mama mmoja, mchuuzi wa vitenge, aliniuliza:

"Mwanangu, wafuata nini Kigoma?"

"Sifuati kitu, mama. Nimekuja kutazama ziwa."

"Kwani lile la Bujumbura limekauka?"

Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo. Lakini tangu hapo niliona kuwa mimi peke yangu sikuwa na shughuli. Mabaharia walikuwa na zamu zao, wachuuzi walikuwa na hesabu zao, na wote walikuwa na maneno ya kuambiana. Tulipofika Kigoma tukangojeshwa nje ya gati hata magharibi. Jua likatua jekundu kabisa ndani ya ule moshi. Nikageuka nimwambie mtu, "Tazama!", na hapakuwa na mtu. Ule upweke niliokuwa nikiutamani bwenini, ziwani ulinilemea.

Nimelifikiri sana jambo hili. Safari zote nizijuazo za ziwa letu zilikuwa na haja. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi wakaja upande wetu, ili wajue kama mto Rusizi waingia ziwani au watoka, wakaona waingia. Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikatumika vitani. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi chini ya Waingereza. Mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi Kongo, na mwaka 2015 iliwachukua Warundi wenzetu kutoka Kagunga hadi Kigoma. Sidhani kama kati yao yuko aliyepanda kwa starehe.

Basi ziwa letu ni barabara. Katika meli za watalii wapo wapishi na wapiga muziki waliowekwa makusudi kumtumikia asiye na shughuli. Katika meli zetu asiye na shughuli huwapisha njia wabebao mizigo, akasimama kando. Nilirudi kwa gari kupitia Manyovu, nimebanwa katikati ya watu watano na kuku wawili. Tulizungumza mpaka nyumbani, na nauli ya siku hiyo sikuijutia.

Kaka zetu waliosoma hapa zamani, ambao wengine hufanya biashara Uvira, Kigoma na Mpulungu, watacheka wakisoma haya. Ombi langu kwao ni moja: mwenye mzigo wa kusindikizwa likizo ijayo na aniite. Sitaki mshahara. Nataka gunia la kulinda, na mtu wa kuzungumza naye jua litakapotua.