Masisi: Jinsi bidoni tupu zilivyonyamazisha redio

Jioni hiyo mama mmoja mhami alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya redio ya jamii katika eneo la Masisi, huku ameshika karedio kadogo ka betri. Mchana alikuwa amekuja kutoa tangazo. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 9, alipotea njiani wakati familia ilikuwa inakimbia vita kuelekea Walikale kwa kupitia Nyabiondo na Kashebere. Sauti yake ilirekodiwa na kuwekwa kwenye kompyuta ya studio, ipite saa kumi na mbili na nusu, kabla ya habari. Saa ilipokaribia, wimbo uliokuwa unapigwa ulikatika katikati. Baada ya hapo, kimya.

Ndani ya studio, fundi alikuwa ameinama juu ya kompyuta ambayo haikumsikia. Moto wa sola ulikuwepo, waya zote zilikuwa mahali pake, na hakuna ujumbe wowote wa kosa ulioonekana. Mshale tu ndio haukusogea. Alizima kwa nguvu, akawasha upya. Dakika chache, ikaganda tena. Mwishowe akachomoa waya wa rezo, na mashine ikaanza kupumua.

Hapo akajua kwamba shida haikuwa ndani ya kompyuta. Ilikuwa inaingia kutoka nje. Akarudisha waya na, kabla mashine haijaganda, akaandika amri ya netstat, ile inayoonyesha nani anaongea na kompyuta. Orodha ilishuka bila kuisha: maunganisho maelfu, yote kutoka adresi moja, yote kwenye mlango nambari 445. Adresi hiyo ilikuwa ya laptopu ya mgeni mmoja aliyekaa mapokezi tangu mchana, akitumia Wi-Fi ya redio. Mgeni mwenyewe hakujua kitu. Mashine yake ilibeba programu mbaya bila yeye kujua.

Mlango 445 ni wa nini? Ndani ya Windows kuna huduma ndogo inayofanya kazi kimyakimya, ambayo kazi yake ni kugawana mafaili kati ya kompyuta. Ndiyo inayoruhusu mwandishi kumaliza kuhariri sauti kwenye mashine moja, na mtangazaji kuikuta kwenye mashine nyingine bila kubeba flashi. Redio nyingi ndogo zinaitumia kila siku.

Kasoro yake inaeleweka vizuri zaidi kwa mtu aliyewahi kupanga mstari kwenye robine ya kambi. Fikiria mtu mmoja anafika usiku, anapanga bidoni 300 tupu, kisha anaenda kulala. Asubuhi maji yapo na robine ni nzima. Lakini mlinzi wa robine anaheshimu mstari, anangoja mwenye bidoni aje, na akina mama waliotoka mbali wanarudi nyumbani bila tone. Hakuna kilichoibiwa wala kilichovunjwa.

Huduma ile inafanya kama mlinzi huyo. Anayeunganisha anasema: «Nina ujumbe unakuja, ukubwa wake ni huu.» Huduma inamwamini, inamtengea nafasi ya kilobaiti 128 hivi kwenye kumbukumbu ya mashine, na inangoja. Ujumbe hauji. Nafasi 8 za namna hiyo zinajaza megabaiti 1. Kompyuta yenye gigabaiti 4, kama zile za studio zetu nyingi, inajaa kwa maunganisho 32,768, na adresi moja inaweza kufungua karibu mara mbili ya hayo. Tena kumbukumbu hiyo ni ya aina ambayo mashine haiwezi kuihamishia kwenye diski ili ipate nafuu. Kwa hiyo kila kitu kinasimama.

Jambo hili lina jina. Mwezi wa saba 2017, huko Las Vegas, Marekani, watafiti wawili wa kampuni ya RiskSense, Sean Dillon na Zach Harding, walilionyesha mbele ya mafundi wa dunia nzima na kuliita SMBLoris. Walisema kasoro imekuwemo tangu Windows 2000, na kwamba kompyuta moja dhaifu inatosha kuangusha seva kubwa. Microsoft ilijibu kwamba haikuona hatari kubwa ya usalama, na kwamba haikupanga kutoa sasisho la kuirekebisha. Ilishauri wenye wasiwasi wafunge njia ya kuingilia kutoka intaneti.

Kwa kampuni yenye mafundi 50 na ukuta mzito wa ulinzi, jibu hilo linaweza kutosha. Kwa redio yenye kompyuta moja ya kurusha matangazo, kusimama kwa mashine ni kusimama kwa redio. Na tangu banki za Goma zilipofungwa Januari 2025, na vita kufika Walikale-centre mwezi wa tatu mwaka huohuo, familia nyingi zimejikuta kila moja upande wake. Kwa mama aliyekuwa kwenye benchi ile, mawimbi ya redio ndiyo yalikuwa mkono pekee wa kufika upande wa pili.

Wakenya wanajua pia uchungu wa mlango uliozibwa. Julai 2023, mfumo wa serikali uitwao eCitizen, wenye huduma zaidi ya 5,000, ulilemewa na maombi ya uongo yaliyomiminwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Serikali ilisema hakuna data iliyoibwa. Hata hivyo watu walikwama. Mbinu ilikuwa nyingine, maana pale ni mafuriko na hapa ni bidoni tupu, lakini mwananchi anayengoja huduma haoni tofauti.

Kamati za robine zilishapata dawa zamani: kila familia bidoni mbili, asiyekuwepo zamu yake ikifika anarukwa, na geti linafungwa kwa wasio wa kambi. Kwenye kompyuta ni vilevile. Fundi yule alianza na geti. Katika ukuta wa ulinzi wa Windows aliweka sharti kwamba mlango 445 wa mashine ya kurushia unafunguka kwa adresi moja tu, ile ya mashine ya kuhariri. Wageni akawatengea Wi-Fi yao, isiyofika studio.

Kwa laptopu isiyogawana mafaili na mtu, kazi ni nyepesi zaidi. Windows ikiuliza kama rezo ni ya binafsi au ya umma, chagua ya umma, na huduma hiyo haitapokea wageni. Wanaotumia Linux yenye Samba wanaweza kuweka kikomo cha maunganisho katika mpangilio wake. Masasisho nayo yasiachwe kwa sababu ya bei ya megabaiti. Virusi vya WannaCry, vilivyotikisa dunia Mei 2017, vilipita kwenye mlango huohuo 445, na sasisho la kuvizuia lilikuwa limetolewa tangu mwezi wa tatu.

Dawa ya mwisho haihitaji hata kompyuta. Sasa kila tangazo la kutafuta mtu linaandikwa kwa bic katika kayee inayolala kando ya mikro: jina, umri, nguo alizovaa, njia aliyopitia, na mtu wa kuarifu.

Usiku ule fundi alitoka nje kumwambia mama ukweli. Mama alisikiliza habari ya bidoni tupu, akatikisa kichwa. «Basi mlinzi wenu ni mwema kupita kiasi,» alisema. Tangazo lilipita kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likarudiwa mara tatu. Mtoto alikuwa amevaa shati ya bluu na kaptula ya shule. Mama bado anangoja jibu, na karedio kake hakazimwi.