Pesa ya Dawa Iliyoishia Kwenye Taksi



Juzi magharibi tulisimama kituoni Mwanakwerekwe, sisi watatu na mtoto mwenye homa begani. Kila daladala iliyopita imejaa, utingo ananing'inia nyuma. Mwishowe tukakodi taksi, na pesa ya dawa ikaishia hapo. Dawa tulinunua asubuhi yake. Mtoto kapona, alhamdulillah, lakini usiku ule hatukulala.

Tukiwa pale tulizitazama gari ndogo zinazopita: nyingi zina dereva peke yake. Hatuna kinyongo nao. Hata sisi tukijaaliwa tutanunua. Na hapo ndipo penye shida. Kila aliyechoshwa na daladala hutafuta gari yake, na kila gari inayoongezeka huzidi kuichelewesha daladala wanayopanda wasiokuwa na uwezo. Barabara ikitanuliwa tunafurahi, kisha gari huongezeka na foleni hurudi. Kisiwa chetu nacho hakitanuki.

Basi moja kubwa hubeba watu arubaini. Hao hao wakipanda gari zao mmoja mmoja, ni gari arubaini, na zote zinataka pa kuegesha.

Wanawake hili linatugusa zaidi, kwa sababu safari zetu si za kwenda kazini na kurudi tu. Tunapita skuli, sokoni, kliniki, kwa mgonjwa, kwenye msiba, na kila tukishuka na kupanda tunalipa nauli nyengine.

Usafiri wa pamoja si jambo geni kwetu. Mwaka 1905 ilikuwapo treni kutoka mjini hadi Bububu. Na wenzetu wa Dar es Salaam tangu 2016 wana mabasi ya mwendokasi yenye njia yake. Msongamano wa abiria upo, lakini basi lililo katika njia yake haliingii kwenye foleni ya gari ndogo.

Sisi hatuombi makubwa. Tunaomba mabasi yenye ngazi ya chini ambayo mama mjamzito na bibi mwenye magoti mabovu wataweza kupanda bila kuvutwa mkono. Tunaomba yaendelee hata baada ya Isha, na vituo viwe na paa na taa. Pesa za kutanua barabara zikipatikana, sehemu yake ianze huko.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni sadaka. Sisi tumezoea kufikiria jiwe au mwiba. Mama kukwama kituoni usiku na mtoto mgonjwa ni udhia pia, na wenye kupanga bajeti wanaweza kuuondoa.

Kikao cha shehia kikiitishwa, dada zetu, tusiwaachie wanaume peke yao. Twende tukaseme.

Allah atusahilishie safari zetu zote. Amin.